Upande wa Pili wa Kochi

Nilikuwa katikati ya ngazi, kikapu cha samaki mkononi, niliposikia viganja vikipiga mbao. Mara tatu, kisha kimya. Mara tatu tena, kisha kimya kirefu zaidi. Ngazi za nyumba yetu ya Mji Mkongwe hazina dirisha. Hata mchana mtu hupanda kwa kupapasa ukuta, na humo gizani niliijua sauti ile kabla sijapata nafasi ya kuikataa. Ilikuwa sauti ya babu yangu akitaka kusimama. Miaka yote niliyoishi naye alipiga mikono ya kiti chake mara tatu, akasema "Ya Rabbi," akanyanyuka.

Tulikuwa tumemzika wiki tano zilizopita.

Sikukimbia. Si kwa ushujaa, miguu ilikataa. Nilisimama pale pale, maji ya samaki yakinidondokea kidoleni, nikasubiri hiyo "Ya Rabbi" ifuate. Haikufuata. Ilikuja sauti ya bibi, kavu, ya mtu aliyeita muda mrefu.

"Nani kwenye ngazi? Kama mtu, apande."

"Naam, bibi. Ni mimi."

Nilimkuta kwenye kiti cha babu, kile cha mbao karibu na dirisha, amejifunika nguo zake za eda mpaka kidevuni. Alikuwa ameketi pale baada ya chai ya asubuhi na hakuweza kunyanyuka tena. Magoti yalikuwa yamemkatalia. Adhuhuri ilikuwa imeadhiniwa na kuswaliwa misikiti yote ya mtaani, naye bado amekaa. Chini ya kiti kulikuwa na maji.

"Usiseme kitu," akanambia bila ya kunitazama. "Niletee kanga na ndoo. Kisha kawatie chumvi samaki hao wasioze."

Ningependa kuandika kwamba nilichelewa kwa sababu soko lilijaa watu. Nilichelewa kwa sababu njiani nilikutana na wenzangu, wale tunaosomeana maandishi yetu, tukakaa kwenye chai tukabishana juu ya sentensi ya kwanza ya riwaya ya mmoja wetu. Siku babu alipokufa nilikuwa na watu wale wale, meza ile ile, simu nimeinyamazisha ndani ya mkoba. Niliporudi niliwakuta wote wawili wamekaa vitini mwao wakielekeana, na kwa kitambo kidogo nilidhani wamesinzia. Watu waliokuja mazikoni walisema amekufa kwa raha, kwenye kiti chake, mbele ya mke wake. Niliyashika maneno hayo kwa sababu yalinifaa.

Habari za kiti zilimfikia mjomba. Yeye ni mtoto wa kiume pekee wa bibi. Mama yangu, dada yake, anaishi Maskati tangu nilipokuwa mdogo, na walionilea ni hawa wawili wa juu ya ngazi. Mjomba amejenga Chukwani, nyumba ya chini, yenye choo kipana na banda la kuku uani. Alikuja jioni ya siku ya pili, akakataa chai, jambo ambalo kwetu ni sawa na kuvua shati kabla ya ugomvi.

"Eda ikimalizika, mama anakuja kwangu," alisema. "Kabla ya hapo simgusi, aikalie nyumbani kwa mumewe kama inavyotakiwa. Lakini siku ya pili yake nnakuja na gari."

"Hapa ni kwake, mjomba."

"Ni kwake, sikatai. Lakini mtu asiyeweza kunyanyuka hakai ghorofani na mwanamke mmoja anayeandika hadithi. Wewe ukishika kalamu hata nyumba ikiungua hujui."

"Na akiweza kunyanyuka?"

Alinitazama kama anayetafuta mtego uko wapi.

"Akinyanyuka peke yake, mbele ya macho yangu, bila ya mkono wa mtu, basi. Sitasema tena."

Bibi alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, anasikia kila neno. Ukimya wake niliuchukua kuwa ni ombi. Niliamini kwamba hataki kutolewa nyumba aliyoingia akiwa bibi harusi, na kwamba ni mimi wa kumbakisha. Na nikiri jingine: bila ya bibi, nyumba ile ingekuwa ya watu wawili, mimi na aliyekufa.

Wakati huo ndipo nilipoanza kutafuta kochi la umeme. Nilikuwa nimewahi kuyaona kwenye simu, makochi yanayojilaza na kujinyanyua kwa kubonyezwa, na kila mara niliyapita kama mtu anavyopita vitu vya watu wengine. Mama aliposikia, hakuniachia hata nimalize maelezo. "Chagua lililo bora," alisema. "Usimchukulie mama la kujaribia."

Muuzaji wa kwanza niliyempigia alitaka vipimo: kutoka kisigino mpaka goti, kutoka goti mpaka kiuno. Kochi likiwa chini mno, alisema, mwenye magoti mabovu hatoki. Likiwa juu mno, miguu itaning'inia ife ganzi. Nikangoja bibi asinzie baada ya chakula, nikachukua uzi mweupe kwenye kikapu chake cha kushonea, nikapiga magoti kando ya kitanda. Nilikuwa nimefika katikati ya muundi wa mguu nilipohisi natazamwa.

"Unanipima?"

"Kochi, bibi. Nataka kununua kochi."

"Babu yako amepimwa kwa uzi huo huo. Walikuja wakaomba uzi wa kupimia kaburi, miye nikawakatia kwa mkono wangu." Alinyoosha kiganja na mimi nikauweka uzi juu yake. Aliuvingirisha kwenye kidole, taratibu, ukawa pete nene. "Hata mchimbaji hodi hupiga. Wewe unakuja mtu amelala!"

Nilianza kuomba radhi, akanikatiza kwa kicheko ambacho sikukitarajia, kifupi, cha puani.

"Keti hapa, mke mwenzangu."

Aliniita hivyo tangu nikiwa mtoto, kwa kuwa babu aliniita mke wake mdogo, kama mababu wanavyowatania wajukuu. Baada ya msiba utani huo ulikuwa umenyamaza. Kuusikia tena kulinichoma. Nikakaa kando yake ukingoni mwa kitanda. Akasogeza goti lake likagusana na langu. Yalikuwa sawa kabisa, goti na goti, kisigino na kisigino, isipokuwa lake lilikuwa limevimba na langu halijui kitu.

"Haya. Kapime lako huko," alisema. "Lakini usiniletee la mtu mmoja."

"Utakaa peke yako, bibi."

"Nshasema. La wawili."

Basi nikaenda dukani na goti langu. Lilikuwa duka kubwa la fanicha, njia ya kwenda uwanja wa ndege, lenye kiyoyozi kilichonifanya nijifunge mtandio vizuri. Muuzaji alikuwa mwanamme wa makamo, wazazi wake walitoka bara, yeye amezaliwa hapa hapa na maneno yake yalikwenda mbio kuliko ya mtu yeyote ninayemjua.

"Karibu dada, karibu ukae, kukaa bure," alisema. "Hili la ngozi ni la wakubwa. Likalie hivi, ubonyeze hapa, unaondoka duniani."

Nilikaa. Ngozi ilinimeza. Nilifumba macho, nikajifanya bibi: nikayakaza magoti yasikunjike, nikaacha mabega yaanguke, nikajaribu kusimama bila ya kutumia miguu. Nikakwama. Mikono yangu yenyewe, bila ya kuiamrisha, ilipiga mara tatu pembeni mwa kochi.

"Hapana," nilisema. Sauti ilinitoka vibaya, muuzaji akanisogezea maji.

La pili lilikuwa na taa za buluu kwenye vitufe na shimo la kupoozea kikombe. Vitufe vyenyewe havikuwa na mwinuko. Ungegusa kioo kitupu. Bibi haoni vizuri maandishi madogo, na vidole vyake vinataka kitu cha kupapasa. Nilimwambia hivyo muuzaji. Aliacha kunisifia taa. La tatu lilikuwa la kitambaa kizito cha rangi ya majivu, kikalio chake kigumu, na mtu akilikalia halizami. Kitambaa kingestahimili jasho la joto la kaskazi kuliko ngozi. Lilikuwa na mota mbili kila upande, moja ya mgongo na moja ya miguu, na betri yake ndani ili umeme ukikatika mtu asibaki amelazwa kama mgonjwa wa operesheni. Mgongo uliweza kung'olewa kwa mkono, upandishwe ngazi mbali na kiti. Na vitufe vyote, vya upande huu na vya upande ule, vilikuwa pamoja katikati. Hilo lilinipendeza zaidi: nikikaa naye ningeweza kumbonyezea.

"Zima umeme," nilimwambia muuzaji.

"Wa duka zima?"

"Wa kochi tu. Nataka kuona betri."

Akachomoa waya. Nikajilaza mpaka mwisho, nikajinyanyua mpaka kiti kikanisukuma kwa nyuma na nyayo zangu zikakanyaga sakafu. Nikarudia mara sita au saba. Muuzaji alikuwa ameegemea nguzo.

"Miaka yangu yote humu," alisema, "watu huniuliza linalala vipi. Wewe huulizi ila linanyanyuka vipi."

"Linaweza kumsimamisha mtu mpaka amesimama kabisa?"

"Dada yangu, hili kochi, si mume. Litamfikisha ukingoni. Hapo atajimalizia."

Nilijilaza kwa mara ya mwisho, macho nimeyafumba, nikasikia mota ya upande wa pili ikianza. Mlio mdogo, wa chini, kama mtu anayevuta pumzi kwa puani bila ya kuitoa. Kitu kilikuwa kinalala pembeni yangu. Nilijua ni muuzaji ananionyesha namna pande mbili zinavyofanya kazi kila moja peke yake. Nilijua, na bado sikufumbua macho mpaka mlio ulipokwisha.

Gari haliingii uchochoroni kwetu. Kochi lilitoka barabara kuu kwa mkokoteni, likapandishwa na wapagazi watatu, na kwa kuwa bibi yuko edani, alikaa nyuma ya pazia la chumba chake wanaume wasimwone. Lakini sauti yake ilitoka.

"Mnauparura ukuta!"

"Hatujaugusa, bibi," alijibu mpagazi wa mbele.

"Nnausikia! Ukuta huo nimeupaka chokaa kabla wewe hujazaliwa. Pindisheni, pindisheni kwanza kichwa!"

"Kichwa cha nani, bibi?"

"Chako, kama hicho cha kochi hakipindiki!"

Wapagazi walicheka mpaka wakalazimika kulitua kwenye ngazi. Nilicheka na mimi. Ilikuwa mara ya kwanza nyumba ile kusikia kicheko cha watu wengi tangu msiba, na baada yake chumba kilionekana kikubwa kuliko kawaida.

Ukumbini kwetu kuna soketi moja tu inayofanya kazi, ukuta wa kusini. Nyingine imeliwa na chumvi ya hewa. Kwa hivyo kochi likawekwa mgongo kusini na uso kaskazini, yaani kibla. Sikufikiria lolote. Nilifikiria waya.

Bibi alipotoka chumbani alilizunguka kwanza, mkono ukutani, akalinusa. Kisha akakaa upande wa kushoto. Nikamwekea kidole chake kwenye kitufe.

"Linanibeba!" alisema kochi lilipomlaza. "We! Linanibeba!" Na lilipomrudisha na kumsogeza mbele, akajikuta amesimama, kanga imemporomoka begani, amenishangaa mimi kana kwamba ndimi niliyefanya. Hakuwa ameshika mkono wa mtu.

Tangu siku hiyo hakukosa sala. Nilimsikia akinyanyuka alfajiri, akinyanyuka adhuhuri, akiburura ndara kwenda kutawadha. Niliandika ukurasa wangu wa kwanza tangu msiba. Nilimpigia mjomba nikamwambia ajitayarishe kushindwa, akaniambia ataona kwa macho yake. Nilihesabu siku za eda zilizobaki kama mtu anayesubiri sikukuu.

Kisha alasiri moja nilikuwa juu ya paa naanua nguo, nikasikia mota. Nilidhani bibi ananyanyuka. Lakini kunyanyuka huchukua muda mfupi, na mlio huu uliendelea, uliendelea, wa kulala. Ukanyamaza. Nikasikia bibi akisema na mtu.

Nilishuka na nguo mikononi.

Alikuwa amekaa wima upande wake, miguu chini, mgongo umenyooka. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya vitufe vya katikati. Upande wa pili wa kochi ulikuwa umelala wote. Mahali pa miguu pameinuka kuelekea kibla. Mahali pa kichwa pameinuliwa kidogo. Hapakuwa na mtu. Bibi alikuwa ameinamia pale akiisema shahada, neno moja moja, kwa upole anaotumia mtu kumfundisha mtoto.

Kila aliyelelewa kwetu anajua umbo lile. Mtu akiwa anakata roho hulazwa ubavu wa kulia, uso kibla. Ikiwa haiwezekani, hulazwa chali, nyayo zikaelekea kibla, na kichwa kikainuliwa kidogo ili uso nao uelekee. Hivyo ndivyo kochi langu la bei kubwa lilivyokuwa limelala, kwa sababu ya soketi. Nilikuwa nimemlaza bibi hivyo wiki nzima, kila mchana, nikimwekea na mto.

"Nitaligeuza," nilisema. "Leo hii. Nitanunua waya mrefu. Bibi, nisamehe, sikuliona."

"Liache."

"Lakini hivi ndivyo wanavyolazwa…"

"Nnajua wanavyolazwa. Mama yangu nimemlaza miye. Dada zangu wawili. Mtoto wangu wa kwanza, ambaye hukumjua. Mmoja tu ndiye aliyenipita."

Niliziweka nguo sakafuni, nikakaa juu yake. Sikuweza kukaa kwenye kochi.

"Siku ile alikoroma mara moja," bibi alisema. "Nikamwita. Hakuitika. Mtu yule miaka yote nikimwita anasema naam, hata akiwa amenuna. Nikajua. Nikapiga mikono ya kiti mara tatu kama yeye. Nikapiga tena. Goti halikutaka. Alikuwa pale," akaonyesha dirishani, "hatua nne. Kichwa kikamwangukia, kidevu kifuani, hivi. Nikamtamkia shahada kwa ukelele, kama nnamwita mtu wa ng'ambo ya njia. Majirani watakuwa walisema, wazee wale wanagombana. Sijui kama aliifuata. Midomo sikuiona, kichwa kilikuwa chini."

Nilikuwa nimemkuta vile. Sisi ndio tuliomnyoosha, mimi na jirani, baada ya magharibi, alipokuwa ameanza kukakamaa.

"Ulinipigia simu," nilisema.

"Nilikupigia."

"Ilikuwa mkobani, bibi. Niliizima sauti."

"Basi ingekuwa wapi tena," alisema, bila ya hasira hata chembe. Ningepokea hasira kwa mikono miwili.

Akaupitisha mkono juu ya kitambaa cha upande wa pili, kutoka mahali pa kifua mpaka mahali pa magoti, akakunjua kikunjo ambacho mimi sikukiona.

"Sasa nnamlaza," alisema. "Kila siku, alasiri ikishaswaliwa. Taratibu, asigutuke. Nnamwelekeza, nnamtamkia pole pole ili aifuate. Kisha nnamwacha kidogo. Kisha nnamrudisha, usije wewe ukaona."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nihisi amelala."

Baada ya siku ile sikushuka saa hizo. Nilibaki juu ya paa, daftari mapajani, mabati ya majirani yakitoa joto la mchana, nikausikiliza mlio ukianza na kuisha. Nilijifunza urefu wake. Sikuandika neno. Mara nyingine nilijikuta nimebana pumzi mpaka mwisho wake, na nilipoachia, kizunguzungu. Nilikuwa nimeleta nyumbani kitu cha kumnyanyua mtu aliye hai, nacho kilikuwa kinafanya kazi nyingine kabisa, na kazi hiyo nilikuwa siwezi kuikataza wala kuisaidia. Kuna siku niliapa nitashuka, nikae sakafuni karibu yao, nimwombe babu radhi kabla kochi halijarudishwa. Nilifika mlango wa paa. Nikarudi.

Zilipobaki siku chache za eda, mlio haukuja. Nilingoja mpaka jua likainamia minara. Niliposhuka, pande zote mbili zilikuwa wima na bibi alikuwa anakata kucha, kitambaa kimetandikwa mapajani.

"Leo hapana?" nilimuuliza.

"Leo hapana," alisema, akanipa mkasi nimkatie za miguu.

Siku eda ilipokamilika jamaa wa kike walikuja kumwosha. Wakamvika kanga mpya, wakamfukiza udi, wakamtia wanja, wakamtania kwamba posa ziko njiani. Asubuhi yake mjomba akafika na gari lake, akaliacha barabara kuu, akapanda akihema. Bibi alikuwa amekaa upande wake, buibui lake limekunjwa pajani. Sikujiuliza kwa nini liko pale. Nilikuwa na furaha ya mtu anayekaribia kushinda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Sikai. Nimekuja kuona."

"Utaona," nilisema. "Bibi, mwonyeshe."

Bibi akakitafuta kitufe kwa kidole, akakibonyeza. Kochi likamleta mbele taratibu. Nyayo zikashika sakafu. Ukingoni pale alitulia, akavuta pumzi, akajimalizia mwenyewe, akasimama. Mikono yake yote miwili ilikuwa hewani, haijashika kitu, mizuri kwa hina ya jana.

Mjomba, na hili nitamheshimu kwalo daima, aliinamisha kichwa.

"Basi," alisema. "Nilisema sitasema tena, na sisemi. Akae kwake."

Nilitaka kupiga vigelegele. Bibi alikuwa analikunjua buibui.

"Nakwenda na wewe," alimwambia mjomba.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia, bibi, mjomba amekubali, huendi popote, hakuna anayekutoa.

"Kwani nani kasema nnatolewa?" Aliingiza mkono mmoja kwenye buibui, akautafuta wa pili. "Mlikaa hapa mkanigombea, mmoja anitoe, mmoja aniweke, hakuna aliyeniuliza. Miye nilikuwa siwezi kuondoka na yeye amekaa vile, kichwa chini. Ningekwendaje? Nshamlaza sasa. Amelala. Nnataka kukaa chini, mwanangu, mahali pasipo na ngazi. Nnataka kuona kuku."

"Na mimi?"

Lilinitoka kabla sijalizuia, la kitoto, mbele ya mjomba. Bibi alinishika kidevu. Vidole vyake vilinukia udi.

"Wewe una miguu," alisema. "Ukitaka kukaa, kaa. Ukitaka kuja, Chukwani si Maskati. Lakini ukikaa, ukae kwa kuwa wapenda kukaa. Usikae kwa kuwa huwezi kunyanyuka."

"Na kochi, mama?" mjomba aliuliza. "Nilete watu?"

"Walipandisha watatu wakauparura ukuta wangu. Hawalishushi tena."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi bado sijamlaza babu. Nilitaka kumwambia kwamba aliyeizima simu hakuwa yeye, kwamba yeye angalau alipiga mikono ya kiti. Maneno yote yalikuwepo, yamepangika vizuri, mimi ambaye kazi yangu ni maneno, na hakuna lililotoka. Nilimfungia kishikizo cha buibui shingoni. Nilimletea ndara zake.

Hakutaka nimshike. Alimshika mjomba begani, naye akatangulia kinyumenyume, ngazi moja, akamngoja, ngazi ya pili, akamngoja. Nilisimama juu nikawasikiliza kwa sababu kuwaona sikuweza. "Pole pole, mama." "Nakwenda pole pole, wewe ndiye unayetetemeka." Nusu ya njia walipumzika. Kisha wakaendelea, na mlango wa chini ukafunguliwa, mwanga wa uchochoroni ukapanda mpaka ngazi ya tano au ya sita, na ndani ya mwanga ule nikaiona mikunjo ya buibui lake ikivuka kizingiti. Hakugeuka. Aliurudisha mkono nyuma, akaupapasa mlango mpaka akaipata pete yake ya kuvutia, akauvuta ukafungika.